Hotuba ya Mama Mwenyekiti Siku ya Kuzinduliwa kwa Mmiliki wa Mtandao

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kiti chake mnakiona hapa mbele yangu kimefunikwa kitambaa cheupe na hakuna aliyekikalia kwa sababu amepata dharura. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ameikuta dharura hiyohiyo njiani. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Pamoja ya Umiliki wa Maji, Umeme na Intaneti ya mtaa wetu, kamati ambayo mimi kwa unyenyekevu mkubwa ndiye Mwenyekiti wake, Makamu wake kwa kukaimu, na mtunza mhuri wake. Mzee wetu mstaafu wa posta, uliyewahi kiti cha mbele tangu asubuhi. Viongozi wa dini mliopo na ambao hampo. Wakwe, mashemeji, mawifi, na nyinyi majirani zangu niliowaazima sufuria na ambao bado mnazo (kicheko). Na zaidi ya wote, Injinia, Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ya Mwana Mitandao, aliyekaa pale mwisho wa safu na miwani ya jua, ambaye itifaki inanitaka nimtaje kwa cheo lakini tumbo langu linanikumbusha kwamba nilimbeba miezi tisa na siku kumi na moja: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Injinia anavua miwani, anasimama, anaivaa tena, anakaa.)

Ndugu wananchi, sijaingia hata kwenye utangulizi na tayari namwona fundi cherehani amenyoosha mkono. Ameunyoosha tangu kwa wakwe na mashemeji. Mpeni kipaza sauti. Mimi si kiongozi wa kuogopa maswali, mimi ni kiongozi wa kuyapokea.

(Fundi cherehani, amesimama na binti yake, ana futi ya kupimia bado shingoni: "Mama Mwenyekiti, samahani kukukata kauli. Barua yenu ilisema leo saa nane mtandao unawashwa. Sasa ni saa nane na nusu. Binti yangu fomu yake ya chuo cha uuguzi inapokelewa kwa intaneti tu, na dirisha linafungwa leo saa kumi kamili. Akikosa leo, mwaka ujao atakuwa ameshapita umri wanaoupokea. Mjini ni safari ya saa mbili, sitafika. Nauliza tu, mtandao unawashwa saa ngapi?")

Swali zuri sana, na limepokelewa. Mwenzangu, nakuelewa kuliko unavyodhani, maana uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi ni mzazi, na nisingependa mtu yeyote aondoke hapa akisema Mama Mwenyekiti hakumjali mtoto wa mwenzake. Binti, hujambo mwanangu? Umekuwa mkubwa, na sketi imekukaa vizuri, mama yako ana mkono. Kaa hapo mbele. Jibu la swali la mama yako limo humu ndani ya hotuba, limechapwa kwa mashine, na tutalifikia kwa utaratibu wake.

(Mzee wa posta: "Si ulifikie sasa hivi?")

Mzee wangu, hotuba haianziwi mwishoni kama mtu anayevaa suruali kichwani. (Kicheko.) Nyamaza kidogo unisikilize, nitakutaja.

Ili kujua tunakokwenda ni lazima tujue tulikotoka, na sisi tulitoka bombani. Mtakumbuka kwamba bomba letu la kwanza, lile la nyuma ya ghala, lilikuwa la umma, yaani lilikuwa letu sote, na kwa kuwa lilikuwa letu sote ufunguo wake alikuwa nao mtu mmoja, ambaye alikuwa mtumishi wa umma, na kwa kweli umma ulimtumikia: tulikwenda kumgongea mlango kwa zamu, tukamchotea yeye kwanza, na koki ilipovunjika tukaiandikia Bodi ya Maji, nayo Bodi ikatujibu kwamba koki hiyo ni mali ya wananchi wote wa nchi nzima na hivyo haiwezi kuguswa bila ridhaa yao. (Vicheko.) Msicheke, barua ninayo. Tukasema, basi, kitu kipewe mwenyewe kipate kutunzwa. Likaja bomba la kampuni binafsi. Jamani, tuseme ukweli, lile bomba lilikuwa na sura: rangi ya buluu, kioo kidogo chenye namba, maji yanatoka saa yoyote ukigusisha kadi, na salio la kadi likiisha bomba linanyamaza hapohapo bila kujali uko hatua gani ya maisha yako. Mzee wa posta, si nilisema nitakutaja? Toa ushahidi.

(Mzee wa posta: "Nilikuwa na povu kichwani.")

Alikuwa na povu kichwani na taulo kiunoni, na alitembea hivyo, mtu mzima wa heshima zake, mpaka ofisi ya kampuni, akamkuta binti wa mapokezi, binti akampa simu ya mezani, na simu ikamwambia, kwa Kiswahili, abonyeze moja.

(Mzee wa posta: "Nikabonyeza. Ikaniambia mimi ni mteja wa thamani.")

Na ni kweli, mzee wangu, wewe ni wa thamani, sisi wote tunajua. (Makofi ya heshima.) Sasa hapo ndipo hekima ya Kamati ilipohitajika, maana la umma lilikuwa letu lakini halitoki, na la binafsi linatoka lakini si letu. Mtaa ukagawanyika. Watu wa upande wa juu wakawa wa umma, watu wa upande wa chini wakawa wa binafsi, mashemeji hawasalimiani, na hata watoto uwanjani wakaanza kupanga timu hivyohivyo. Na katika kipindi hicho ndipo tukapata habari kwamba kuna intaneti, kwamba nayo sasa ni kama maji, kwamba mtoto bila hiyo hasomi, mgonjwa bila hiyo hapati namba ya daktari, na fundi bila hiyo hapati mteja. Nikawa na mawazo. Siku moja Injinia yuko kwangu anakula, nikamweleza, akaweka kijiko chini, akatafuna, akameza, akasema: "Mama, kwani lazima mwenyewe awe mmoja?" Nywele zilinisimama. Mtoto mwingine hapo angesema ongeza mchuzi. (Makofi kutoka safu ya shangazi zake.)

Tukaunda Kamati, na jambo la kwanza Kamati ikapitisha Kanuni ya Kwanza, ambayo niliitunga mimi mwenyewe nikiwa nafua: kwamba hakuna waya utakaolazwa, wala mashine itakayofungwa, wala shimo litakalochimbwa, mpaka kwanza ijulikane pasi na shaka kwamba kitu hicho kitakuwa mali ya nani. Kuna watu wasomi walinicheka. Lakini mimi ni mama, na ninajua kitu kikizaliwa kabla hakijajulikana ni cha nani kinavyokuja kusumbua. Kikilia kila mtu anakikana, kikianza kuleta mshahara kila mtu anakidai, pua ni ya kwetu, masikio ni ya kwetu. Nikasema haitatokea katika mtaa huu. Sisi tutaanza na mwenyewe, halafu ndipo mali.

Na ndivyo tulivyofanya. Kwa miaka minne mfululizo, bila kupumzika isipokuwa pale tulipopumzika, Kamati yangu imefanya vikao mia moja na kumi na sita, semina ishirini, warsha za kujengeana kapasiti, na fizibiliti stadi, neno ambalo mwaka wa kwanza lilikuwa linanipalia na sasa nalitamka hata nikiwa na pini mdomoni. Tumekutana na mastekiholda. Tumekutana na mastekiholda wa mastekiholda. Mimi na Injinia, kwa niaba yenu nyote, tulifunga safari ya mafunzo kwenda katika mji ambao una mtandao, tukakaa siku tisa, tukauona unavyofanya kazi, tukaugusa, tukarudi.

(Fundi cherehani, bila kipaza sauti: "Mama Mwenyekiti, ni saa tisa na dakika tano.")

Asante kwa kutusaidia na muda, mwenzangu, katibu aandike. Tulia, mambo mazuri hayataki haraka. Sasa nawaleteeni tunda la miaka minne, na naomba walio nyuma wasogee, na aliyeshika mtoto anayelia ampe titi. Tunda hilo linaitwa Umiliki Shirikishi Mseto wa Kimkakati. (Makofi. Mtoto ananyamaza.) Maana yake ni hii. Mtandao utakuwa wa umma na utakuwa wa binafsi, kwa mpangilio ambao haujawahi kuonekana popote, nao ni kwamba mtandao ukiwa unafanya kazi, hapo ni wa kampuni, na ukikatika, tangu dakika hiyo unakuwa wa wananchi, mpaka utakapotengemaa ambapo unarudi kwa kampuni. Kasi ni ya binafsi, polepole ni ya umma. Ukituma ujumbe ukafika, umetumwa na kampuni. Usipofika, ulikuwa wa umma. Pongezi zitapelekwa kwa Mkurugenzi na pole zitaletwa kwa wananchi. Kwa namna hii hakuna atakayesema amenyimwa, kila upande una chake, na wale mashemeji naomba leo mkitoka hapa mpeane mikono.

(Mzee wa posta: "Na lawama ni za nani?")

Lawama ziko kwenye awamu ya pili. Sasa tazameni kule upande wa ghala. Ile nguzo ndefu, iliyonyooka kama mwanajeshi, yenye boksi la kijivu juu yake, ndiyo nguzo yetu ya kwanza ya mtandao, tuliyoisimika Jumanne. Kisheria, nguzo ile kutoka ardhini hadi usawa wa goti la mtu mzima wa wastani ni mali ya umma, ndiyo maana mbuzi wanaruhusiwa kujikunia hapo, na kutoka goti kwenda juu ni mali ya kampuni. Lilitokea bishano kidogo kuhusu goti la nani litumike, likachukua vikao vitatu, hatimaye likapimwa langu. (Kicheko.) Mnacheka, lakini goti hili limepiga magoti kwa ajili ya mtaa huu. Na Injinia ndiye aliyelipima.

Na kwa kuwa nimemtaja, niseme machache, si kwa kuwa ni mwanangu. Zabuni ilikuwa ya wazi. Waombaji walikuwa mmoja. Bahasha zilifunguliwa mbele ya Kamati nzima, na nilipoliona jina nilishtuka kama nyinyi, nikamwangalia mwombaji, nikasema huyu kijana uso wake si mgeni. Nikatoka nje ya chumba ili haki itendeke, nikakaa kwenye ngazi, na nilipoona wanachelewa nikarudi kuwasaidia. Huyu mnayemwona alikuwa na miaka sita alipoifungua redio ya marehemu baba yake, akaitoa vitu vyote vya ndani, akavipanga juu ya mkeka kwa ukubwa, akavirudisha, vikabaki viwili mkononi. Watu wazima wanaweka vyote na redio haiongei. Yeye alipunguza viwili, na tangu siku ile redio haijakwaruza tena. Walimu wake walikuwa wananiita shuleni kila wiki. Kila wiki. Niambieni mzazi mwingine hapa aliyekuwa anaitwa kila wiki. (Shangazi: "Hakuna.") Sasa leo ana kadi za kazi za rangi, ana kiti cha kuzunguka, akizungumza maneno yake nusu siyaelewi, nami mtu akizungumza nikamwelewa mara moja huwa namshuku.

(Minong'ono kwenye safu ya mbele. Fundi cherehani: "Mama, saa tisa na nusu. Tuwashieni hata kidogo, hata huo wa umma wa polepole." Mzee wa posta anageuka nyuma, anamwita kinyozi wa kona: "Wewe si una bando kwenye simu?" Kinyozi: "Ninalo, babu, limejaa. Hapa bondeni ndiyo halishiki. Dukani kwangu nikitaka ujumbe uende huwa napanda juu ya meza, na hiyo ni ujumbe tu, si fomu yenye picha na vyeti." Mzee wa posta anaitazama nguzo. Kinyozi anaitazama nguzo. Fundi cherehani tayari anaielekea.)

Naona kuna vuguvugu upande wa kushoto, na nimefurahi, kwa sababu hotuba isiyotikisa watu ni tangazo la kifo. Nani ameleta ile ngazi? Aa, ni kinyozi wetu. Kinyozi anapanda nguzo. Mgambo, mwacheni, msimvute mguu. Ndugu zangu, hebu tuwe na utulivu tutumie sheria tuliyojitungia wenyewe: akiwa chini ya goti alikuwa kwenye mali ya umma na hakuna wa kumzuia; sasa amevuka goti, yuko kwenye mali ya kampuni, na mwenye kampuni yule pale, na hajalalamika. Injinia, unalalamika? (Injinia anatikisa kichwa.) Halalamiki. Mnaona jinsi mfumo unavyofanya kazi? Ingekuwa ni bomba lile la Bodi, tungekuwa bado tunaandika barua. Na wewe kinyozi, ukifika juu usiliegemee sana lile boksi.

(Kinyozi, kutoka juu, mguu mmoja umezungushwa kwenye nguzo, mkono umeinua simu: "Hapa inashika. Vijiti vyote vimejaa. Nawasha hotspoti." Binti anakaa chini ya nguzo na simu ya mama yake. Watu wa safu ya tatu na ya nne wanainuka na viti vyao na kumzunguka.)

Viti vinasogea kuielekea nguzo, maana yake mradi umekubalika. Basi hapohapo mlipo niwape takwimu, kwa kuwa kiongozi bila takwimu ni mpiga soga tu. Tulifanya utafiti nyumba kwa nyumba, katibu akiwa na daftari na mimi nikiwa na mwavuli, tukawauliza wakazi wangependa mtandao uwe wa umma au wa binafsi. Waliosema wa umma walikuwa asilimia sabini.

(Binti, chini ya nguzo: "Asilimia kumi na mbili.")

Hapana, mwanangu, sabini. Na waliosema wa binafsi walikuwa asilimia sabini vilevile, ambapo ukijumlisha unapata asilimia mia na arobaini, idadi ambayo wataalamu wameniambia haijawahi kufikiwa na mtaa wowote, na inaonyesha mwamko. Ilitokana na kwamba watu wengi, tulipowauliza barazani, walijibu kwa kuangalia nani amekaa karibu, na tulipokutana nao peke yao wakajibu tena.

(Binti: "Asilimia thelathini na nane." Mzee wa posta: "Mwambie asitingishike huko juu." Kinyozi: "Mguu unakufa ganzi, babu." Fundi cherehani: "Jikaze, baba, mshono mmoja bado.")

Kwa upande wa walioridhika na utendaji wa Kamati tulipata asilimia tisini na nane, na ile mbili iliyobaki ni watu wa nyumba moja, tunawafahamu, tunawaombea. Kwa upande wa utayari wa miundombinu...

(Binti: "Imesimama. Mama, imesimama kwenye sitini." Ukimya uwanja mzima. Fundi cherehani amekamata futi shingoni kwa mikono miwili. Mtu anasema: "Saa kumi kasoro sita.")

...ukimya huu unanigusa, ndugu zangu. Nimehutubia misiba na harusi, sijawahi kusikilizwa hivi. Naona hata mkodisha viti ameacha kuhesabu viti vyake. Basi niendelee kwa sauti ya chini, inayolingana na uzito wa jambo. Utayari wa miundombinu ulipimwa na Injinia mwenyewe kwa kutumia utaratibu wa kuangalia kwa macho, na alichokiona...

(Kinyozi anapanda hatua mbili zaidi, anakaa juu ya boksi la kijivu. Boksi linalia kama debe. Binti: "Imeanza. Sabini na tano. Tisini." Mtu: "Kasoro tatu." Binti: "Tisini na nane.")

Tisini na nane, sawasawa kabisa, hapo umepatia, mwanangu, na umepatia kwa sababu...

(Binti: "Imepokelewa. Mama, wameandika imepokelewa, na namba yangu hii hapa." Vigelegele. Makofi marefu. Watu wanasimama juu ya viti. Mashemeji wawili waliokuwa hawasalimiani wanakumbatiana. Mzee wa posta anapangusa macho kwa kofia. Fundi cherehani amekaa chini kwenye vumbi, anacheka na kulia, binti amemlalia begani. Makofi yanadumu dakika tatu.)

Asanteni. Asanteni. Jamani, mtanifanya nilie na wanja huu ni wa leo. Nimekuwa kiongozi miaka mingi, sijawahi kupigiwa vigelegele kwenye takwimu. Kaeni, kaeni chini, tafadhali. Fundi cherehani, inuka mwenzangu, usikae kwenye vumbi kwa ajili yangu. Naona machozi yako na ninayapokea. Injinia, umeona? Umeona watu wanavyompenda mama yako?

Basi na mimi nisiwe mchoyo, nifunge, na kwa kufunga nitimize ahadi niliyompa huyu mama tangu mwanzo, maana nilisema jibu limo na kweli limo. Aliuliza mtandao unawashwa saa ngapi. Nasoma kama lilivyochapwa: "Mtandao utawashwa mara moja, bila kuchelewa, pindi utakapokuwepo." (Kicheko kimoja kutoka juu ya nguzo.)

Ndiyo. Na hapa ndipo ninapotaka kuwashukuru kwa moyo wangu wote, kwa sababu mitaa mingine imeletewa mitandao mikubwa na imeshindwa kukubaliana ni ya nani, wakati sisi tumekaa miaka minne na tumegawana kwa amani, bila ngumi hata moja, kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Waya haujaagizwa. Mashine hazijaagizwa. Lile boksi ambalo kinyozi amelikalia ni ndoo yangu ya unga, Injinia aliipaka rangi ya kijivu juzi ili nguzo isionekane uchi mbele ya Mgeni Rasmi. Lakini mmiliki yupo. Amekamilika kwa asilimia mia, ana hati, ana mhuri, na leo tumemzindua, na kitu chenyewe kikija siku moja, hata kikija kwa wajukuu zenu, kitakuta mwenyewe anakingoja mlangoni. Nani mwingine anaweza kujivunia hilo? Kwa hiyo naomba tuseme wote: Mwenyewe kwanza, mali baadaye. (Sauti mbili tatu.) Goti moja, nguzo moja. (Sauti ya shangazi.) Mwana Mitandao, mtoto wetu sote. (Kikohozi.) Asanteni sana, na aliyekalia kiti cha kukodi akirudishe kikiwa na miguu yote minne.

Nakaribia kusahau, kuna jambo dogo la kiofisi. Makao Makuu ya mradi wanataka leo hii, na wao karatasi hawapokei siku hizi, ni intaneti tu, ripoti ya kukamilika kwa mradi. Isipofika leo wanaivunja Kamati na kampuni ya mtoto inafutwa kwenye orodha yao, na ripoti Injinia ameiandika vizuri sana, kurasa arobaini, na picha ya ndoo. Sasa, kinyozi, baba, kabla hujashuka na kabla hujaizima hiyo yako, hebu tuwashie na sisi kidogo.

(Kinyozi: "Mama Mwenyekiti, hii ni mali binafsi." Kicheko uwanja mzima. Kinyozi anamtazama fundi cherehani. Fundi cherehani anakung'uta vumbi kwenye gauni, anasema: "Mwashie tu. Mwenzangu naye ana mtoto." Kinyozi anainua tena simu. Injinia anakwenda chini ya nguzo, anatoa simu yake, anaigeuza, anaigeuza tena, anamuuliza binti kwa sauti ndogo inaunganishwaje. Binti anamwonyesha pa kubonyeza.)

Hebu mtazameni. Shangazi zake, mmemwona? Tangu akiwa mdogo, huyu ukimwonyesha mara moja tu, ameshika.